Jalala na Jina Lililopotea Kinywani

Paukwa!

Mbona mnaitikia kama wanaoumwa meno? Paukwa! Eeh, hapo sawa. Pakawa, na masikio yakawa wazi, na wewe Mbwana ukaacha kumvuta paka mkia.

Basi hapo kale, kale ya kale, wakati miiba haijajifunza kuchoma na wakwe hawajajifunza kununa, palikuwa na mji ukiitwa Chambavuli, na katika mji huo palikuwa na msichana akiitwa Jalala. Msicheke. Nimesema msicheke! Mama yake, Bi Ruzuna, alizaa wa kwanza akafa, akazaa wa pili akafa, akazaa wa tatu akafa. Huyu wa nne wakampa jina la takataka, ili kifo kikipita kimdharau kiende zake. Na kweli kikamdharau. Mtoto akakua, akanawiri, akafika miaka kumi na mitano, ana shingo ndefu na maringo marefu kuliko shingo. Jina lile lilimwokoa, naye hakutaka hata kulisikia.

Dawa ya jina la utoto ilikuwapo. Sheria ya Chambavuli ni kwamba jina la ukubwa hutoka kinywani mwa bibi mzaa mama. Kijana, wa kike au wa kiume, huenda kwa bibi yake, akakaa naye mpaka wajuane. Siku ya sherehe ya mavuno husimama naye mbele ya wazee, mkubwa wa mji huuliza mara moja tu, "Huyu ni nani?" na neno la kwanza litakalomtoka bibi ndilo jina. Halirudishwi, halibadilishwi. Ukipitwa na mavuno ya mwaka wako wa kumi na tano, jina la utoto limekuganda mpaka kaburini. Alikuwapo mzee mmoja, mvi mpaka kwenye nyusi, jina lake Kamasi. Kila asubuhi wajukuu zake humwamkia, "Shikamoo, babu Kamasi." Naye afanyeje? Huitikia marahaba.

Sasa Jalala jina alilitaka, tena alilitaka sana. Alichokuwa hataki ni kwenda kukaa na bibi.

Bibi yake, Bi Mkasi, alikaa peke yake ng'ambo ya kijito. Hana jino hata moja, tambuu yake mpaka itwangwe kwenye kinu kidogo, na hadithi zake ni tatu tu.

"Atanianzia ya chui," Jalala akamlalamikia mama yake, "kisha ya kisima, kisha ya babu kupotea njia siku ya harusi yake mwenyewe. Akimaliza anarudia ya chui. Mama, nitakufa!"

"Hufi," mama akamjibu. "Kifo kilishakukataa. Chukua kikapu, nenda."

Akaenda. Akaenda, akaenda, akavuka kijito, akafika mlangoni kwa bibi yake, akasimama. Akanong'ona, "Hodi." Akanong'ona, "Hodi." Akanong'ona, "Hodi." Nanyi mnajua, ukipiga hodi ya tatu usiitikiwe, unarudi kwenu na huna lawama. Jalala akarudi kwao mbio, kikapu kinaruka begani.

"Nimepiga hodi tatu, mama. Hakuitikia mtu."

Uongo uko wapi hapo? Nionyesheni. Hakuna!

Mwezi wa pili hivyo hivyo, hodi tatu za kunong'ona, huyo mbio. Mwezi wa tatu hivyo hivyo, hodi tatu za kunong'ona, huyo mbio. Bi Ruzuna akalia. "Masikini mama yangu, amekuwa kiziwi!" Na Jalala akamfuta mama yake machozi, akambembeleza. Mnamwona huyo?

Zikabaki siku thelathini mavuno yafike. Mtama ukaanza kuinama, na Jalala akaanza kumwota babu Kamasi. Asubuhi moja akajitwika kikapu bila kutumwa, akavuka kijito, akapiga hodi ya kutawanya kuku.

"Karibu," sauti ikaitika papo hapo. Kumbe Bi Mkasi amekaa nyuma ya mlango, hatua moja tu, anasuka ukili. "Kumbe una sauti? Miezi yote hii nikidhani ni panya."

Jalala akaona haya mpaka masikio yakamwaka. "Shikamoo, bibi. Sasa... mbona hukuwa unaniitikia?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Anayenong'ona hataki kuitikiwa. Kwa nini nimuudhi?"

"Nimekuja kukaa nawe, bibi. Mpaka siku ya jina."

"Jina." Bi Mkasi akaacha kusuka. "Nilikuwa nalo. Siku uliyozaliwa nililipata, nikaliweka hapa," akajigusa shavu, "miaka kumi na mitano. Tamu, jamani! Ukilitamka unameza mate. Ulipokuja mara ya kwanza nilikuwa nalo. Sasa limekwenda."

"Limekwenda wapi?"

"Ningejua, si ningelifuata?"

Jalala akafikiri, huenda jina liko ndani ya hadithi zile, limejibanza mahali. Basi yeye aliyezikimbia akawa anaziomba. Akaisikiliza ya chui kama anayechagua mawe kwenye mchele.

"Bibi, mke wa huyo chui aliitwa nani?"

"Chui."

"Na aliyechimba kisima?"

"Mchimba kisima. Utaniacha niseme?"

Siku zikaenda. Siku ya kumi Jalala akacheka, tena akacheka kweli, babu alipofika harusini kwa watu wengine na kukaribishwa pilau. Siku ya kumi na tano akathubutu kukosoa: "Bibi, jana chui alikuwa dume."

"Jana alikuwa dume. Leo nimechoka na madume."

Lakini kuna asubuhi nyingine bibi aliamka, akamkazia macho, akauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Asubuhi hizo Jalala aliogopa, akatwanga tambuu kimya kimya, akamlisha, akangoja arudi.

Zilipobaki siku kumi, Bi Ruzuna akaja amejaa furaha. "Mwanangu, tumepona! Nimemweleza Mwinyi Kambi, mkubwa wa mji, kwamba bibi yako anasahau, naye amekubali bibi mzaa baba akupe jina. Akili ya bibi huyo ni timamu, na jina ameshachagua: Johari. Ila sharti uhamie kwake leo, ukakae naye siku zilizobaki. Bibi yako amelala?"

Bi Mkasi alikuwa mkekani, amefumba macho. Jalala akalitamka moyoni: Johari. Likamkaa vizuri, likamkaa kama kanga mpya. Kisha akautazama mkeka. Akajua kwamba akiondoka, bibi ataamka auulize ukuta ni mtoto wa nani.

"Siendi, mama."

"Utaitwa Jalala mpaka uzeeke!"

"Nitaitwa. Hadithi ya chui hajaimaliza."

"Hadithi ile haina mwisho! Mimi nimeisikia miaka arobaini!"

"Nani atamtwangia tambuu, mama?"

Bi Ruzuna akaenda zake. Jalala akashika kinu, akatwanga huku analia, maana Johari alilitaka, na msidhani alikuwa malaika. Na Bi Mkasi macho yamefumbwa vile vile. Kama alilala kweli au hakulala, mimi sikuwapo, msiniulize.

Siku ya mavuno ikafika. Ngoma zikalia, wasichana wakaitwa mmoja mmoja, huyu Zumaridi, huyu Mwanakheri. Ikawa zamu yao. Mwinyi Kambi akainua fimbo.

"Bi Mkasi, huyu ni nani?"

Bi Mkasi akamtazama mjukuu wake. Midomo ikacheza, neno halikutoka. Jalala aliona wazi kwamba anatafuta na hapati, na machozi yanamlenga ajuza wa watu mbele ya umati. Akamshika mkono.

"Basi, bibi. Tuache. Twende nyumbani."

"Sikudhani..." akasema Bi Mkasi.

"Sikudhani!" Mwinyi Kambi akapiga fimbo chini. "Neno la kwanza limetoka!" Vigelegele, ngoma, "Sikudhani! Sikudhani!" vumbi mpaka mbinguni. Naye Bi Mkasi alikuwa bado hajamaliza kusema. Katika makelele yale aliyemsikia ni mmoja tu.

"...sikudhani kama utakaa, mjukuu wangu. Jina lenyewe silikumbuki. Nilitaka niwaombe wanipe muda."

"Hili linanitosha, bibi," akasema Sikudhani, na akalia pale pale, maringo yote yamekwisha.

Wazee wa Chambavuli wakamsifu Bi Mkasi kwa hekima ya jina lile. Hekima gani! Ajuza alikuwa anaomba muda.

Mnataka funzo? Lile jina tamu la miaka kumi na mitano halijasikika mpaka leo. Lilipotea katika miezi ile mitatu, Sikudhani yuko nje ya mlango ananong'ona, na jambo hilo hakulisahau mpaka naye akawa bibi. Kwa hiyo ukiwa na mtu wa kumwendea, mwendee angali na maneno yake.

Na yangu yamefika ukingoni. Utamu wake gawaneni nyinyi, uchungu wake niachieni mimi, nimeuzoea.