Jina Moja, Mafundi Watatu

Nipeni masikio, na mkishanipa masikio nipeni na akili, maana mtihani huu sikuutunga mimi, umeniangukia, na jibu nalitaka kabla ya Ijumaa. Mtoto anayehusika yuko mapajani kwangu hapa, amelala, hana jina.

Hapa Lindi kuna wasichana watatu, mafundi wa tovuti. Chumba chao kiko juu ya duka la vitambaa: meza moja ndefu, feni moja, ubishi usioisha. Hawajengi tovuti kuanzia msingi. Wanachukua mfumo ulio tayari, ule ambao hata nesi asiyejua kompyuta anaingia akaandika habari na kuweka picha, halafu wanaurekebisha umfae mwenyewe, kama fundi cherehani anavyobana gauni la dukani. Na kila mmoja ana kipaji chake. Zamoyoni ana kipaji cha kutogusa kitu cha asili. Hadia ana kipaji cha kutega ndoano. Sikudhani, mdogo wao, ana kipaji cha kupepeta.

Walijitolea kutengeneza upya tovuti ya wachangia damu. Mtu anajiandikisha jina, kundi lake la damu na namba ya simu. Hospitali ikipungukiwa, nesi anaandika ombi. Basi, ni hilo tu.

Zamoyoni alianza. Kabla yake alikuwepo fundi mwingine, yeye alikuwa akifungua faili za asili za mfumo na kuandika humohumo, ikapendeza, akasifiwa. Mfumo ulipojisasisha, faili mpya zikaja zikakalia zile za zamani, na orodha ya wachangiaji wote ikapotea kwenye ukurasa, weupe mtupu, na fundi simu haipokei. Zamoyoni akasema, "Nyumba ya kupanga huvunji ukuta." Akatengeneza mandhari mtoto, ndivyo wanavyoita: folda ya pembeni inayorithi kila kitu kwa mama yake, na humo unaandika yale tu unayotaka yawe tofauti. Mama akibadilishwa, mtoto habadiliki. Wenzake wakamcheka, "Siku mbili nzima, na ukurasa ni uleule!" Akawajibu, "Ndiyo maana yake, ubaki uleule."

Hadia akafuata. Yeye alisema orodha hata ikikaa salama, nani anakaa anatazama tovuti kutwa nzima? Sasa, mfumo ule kila unapofanya jambo hutangaza: nimehifadhi, nimechapisha, nimefuta. Na kwenye kila tangazo pameachwa ndoano makusudi, mtu atundike kazi yake bila kubomoa kitu. Hadia akatundika mistari kumi na minne: ombi la damu likichapishwa tu, ujumbe uende kwa kila mwenye kundi hilo. Akaiweka kwenye kifurushi chake peke yake, nje ya mandhari ya Zamoyoni, ili hata tovuti ikivishwa sura mpya, kazi isife.

Na Sikudhani. Huyu haamini fomu. "Ukimwachia mtu kisanduku cha kuandika," anasema, "ataweka humo maisha yake yote." Na kweli watu walikuwa wameandika namba zenye nafasi katikati, zenye vistari, mwingine kaweka jina la mtaa. Akatengeneza chekecheke: kila kinachoandikwa kinapepetwa kabla hakijahifadhiwa, namba zinabaki namba, takataka zinatupwa, na isiyokamilika mwenyewe anaulizwa upya. Zilizokwishaingia nazo akazipitisha humo moja moja. Hadia akamtania, "Mwenzetu anapepeta mchele wa pakiti!" Sikudhani akasema, "Kula wewe kwanza, ukitafuna jiwe uniite."

Sasa mimi. Nilijifungua Jumamosi, mtoto wa kike, wa kwanza. Jumapili macho yake yakawa manjano, Jumatatu manjano yamefika kwenye nyayo, hanyonyi, namtingisha hashtuki, nikapiga kelele wodi nzima ikasimama. Nesi Felista akaja na daktari. Wakaniambia damu yangu na ya mtoto zimegombana, lazima abadilishiwe damu leo hii, na anahitaji O hasi, na friji haina hata chupa moja. Mume wangu Mfaume alikuwa amekaa sakafuni. Nesi Felista akaenda kwenye kompyuta, akaandika ombi.

Nikafanya kosa langu hapo. Nilimshika mtoto nikasema kwa sauti, mama mkwe anasikia, wagonjwa wanasikia: "Ya Rabi, huyo atakayetuletea mwenye damu hii, mwanangu nampa jina lake, awe somo wake." Huyo. Nilisema huyo. Ningejuaje kwamba nyuma ya ujumbe mmoja kuna watu watatu?

Saa sita kasoro akaingia mwanamume na baiskeli yake mpaka mlangoni, miguu myeupe mpaka magotini, Bwana Chitanda wa mashamba ya chumvi. "Nimeitwa," akasema, "nitoe wapi?" Akatoa. Mtoto akabadilishiwa damu, na jioni akalia, na mimi nikalia kumshinda.

Mtasema mpe Bwana Chitanda. Nilimwambia mwenyewe. Akacheka, "Mwanangu, mimi nimeitwa nikaitika. Wewe ulisema atakayemleta mwenye damu. Mtafute aliyeniita."

Nesi Felista naye akasema yeye aliandika tu, wenye kuita ni wasichana wa tovuti. Nikawatafuta. Na wale wasichana, badala ya kunijibu kwa mdomo, wakaenda kupima. Wana nakala ya majaribio ya ile tovuti, pacha wake kabisa, wanayoiharibu wapendavyo bila kumuumiza mtu. Wakaweka humo namba ya simu yao wenyewe mahali pa namba ya Bwana Chitanda, wakarudia ile Jumatatu mara tatu.

Wakaondoa kazi ya Zamoyoni, marekebisho yakarudi ndani ya faili za asili. Kumbe Jumapili ile mfumo ulikuwa umejisasisha. Ukurasa wa nesi wa kuandikia ombi ukatoka mweupe, hana pa kuandika. Simu kimya.

Wakairudisha, wakaondoa kazi ya Hadia. Ombi likachapishwa vizuri, likakaa kwenye tovuti likipendeza, na mtu wa chumvini hana habari. Simu kimya.

Wakairudisha, wakaondoa kazi ya Sikudhani. Ujumbe ukatoka, ukaishia kwenye namba iliyorudishiwa maneno aliyoyaandika Bwana Chitanda pembeni, "ya jirani, piga akiwa hana hasira". Mtambo haujui hasira. Simu kimya.

Walikuja kunieleza barazani, mama mkwe, Bi Kuruthumu, akiwepo. Nikasema basi nampa majina yote matatu. Bi Kuruthumu akaweka kikombe chini. "Mtoto si basi, aandikwe ubavuni kila kituo. Somo ni mmoja. Ndiye atakayemnyoa nywele Ijumaa, ndiye atakayemkalisha ndani akivunja ungo. Nadhiri uliitoa ya mtu mmoja, itimize ya mtu mmoja."

"Basi ni Zamoyoni," Mfaume akasema. "Aliyeweka msingi ndiye mwenye nyumba."

"Msingi hauiti mtu," akasema Hadia. "Shemeji, mimi ndiye niliyemwita. Mama wa mtoto alisema atakayeleta."

Bi Kuruthumu akamwelekea Sikudhani. "Na wewe, unasemaje?"

"Wenzangu walifanya kazi ya kuonekana, Bibi. Mimi walinicheka. Ila katika orodha yote mwenye O hasi alikuwa mmoja tu, na namba yake ilikuwa na takataka. Hiyo moja ndiyo niliyoitengeneza."

Zamoyoni akasema polepole, "Mimi sikumfanyia mtoto huyu. Nilifanya kabla mama yake hajaolewa." Sikujua kama anajitoa au anadai zaidi.

Siku ya saba ilitukuta wodini, ndiyo maana jina limesogezwa mpaka arobaini iishe, na inaisha Alhamisi, jina ni Ijumaa. Namnyonyesha nawaza. Nikimpa aliyelinda, nimemdhulumu aliyeita. Nikimpa aliyeita, je, angemwita nani kama namba haijasafishwa? Nikimpa aliyesafisha, angesafisha nini kwenye ukurasa uliopotea? Na naogopa, jamani, nisiwafiche, naogopa nadhiri. Nilimwomba Mungu kwa neno moja akanipa, sasa nitamrudishia maneno matatu?

Ijumaa Bi Kuruthumu atainamisha sikio, na nitapaswa kumnong'onea jina moja. Zamoyoni aliyelinda, Hadia aliyeita, Sikudhani aliyesafisha. Mtoto huyu, mpaka leo nikimwita, namwita "wewe".

Wewe unayenisikiliza, ungekuwa mimi, ungemnong'onea jina la nani?