Nani Amvushe Mtoto Kizingiti?

Neema ina uzani, mzito ukitambua;
Mtoto yu mikononi, nani wa kumchukua?

Walikuwapo watu watatu katika hospitali moja ya wilaya, kila mmoja na kipaji chake. Hidaya, muuguzi wa wodi ya wazazi, hakuwahi kusahau uso wala kitanda. Tumsifu wa maabara alikuwa na subira ya kungoja kijidudu kiote kama mkulima angojavyo mbegu. Na Sikudhani, mpimaji wa ultrasaundi, alijaliwa huruma: ili mama asishtuke kwa baridi ya jeli ipakwayo tumboni wakati wa kupimwa, kila asubuhi aliiweka chupa yake ndani ya bakuli la maji ya moto.

Mwanakheri alijifungua kwa upasuaji. Siku chache baadaye mshono ukatoa usaha, homa ikampanda, hata akawa hamtambui mwanawe aliyelala ubavuni pake. Vitanda vya jirani vilikuwa na hali ile ile. Wodi ikaoshwa, mashuka yakachemshwa, homa haikusikia.

Hidaya ndiye aliyeanza. Alizitazama nyuso moja moja, akawakumbuka na waliotangulia, kisha akaenda maabara. "Wanaougua ni wale waliopigwa ultrasaundi baada ya upasuaji," alisema. "Wasiopigwa ni wazima." Bila kumbukumbu ile, wangekuwa wanasugua sakafu hadi leo.

Tumsifu akapokea. Alichukua usaha wa vidonda, akachukua na vya chumba cha ultrasaundi: taulo, majimaji ya kichwa cha mashine, jeli ya chupani. Wenzake wakamtania, "Bwana, unatotoa vifaranga?"

"Naam, na mama yao ndiye ninayemtafuta."

Vilivyoota kutoka chupani vikawa ni vile vile vya vidondani, na dawa ya kuviua ikajulikana. Bila subira ile, Mwanakheri angechomwa sindano zisizofaa mpaka mwisho wake.

Lakini uchafu uliingiaje? Jeli iliyotoka stoo ilipimwa, ikaonekana safi. Hapo Sikudhani, ambaye hakuna aliyemshuku, akasimama mbele ya wote.

"Ni mimi. Naipasha moto, na ikipungua naongezea juu ya mabaki. Chupa ile haijapata kukauka, na joto langu ndilo lililovilea vijidudu."

"Shoga, nyamaza, utafukuzwa," Hidaya alimnong'oneza.

"Nikinyamaza, atakayekuja baada yangu naye ataipasha."

Akamwaga chupa zote. Akafundisha kila zamu kufuta kichwa cha mashine kwa dawa baada ya kila mgonjwa, na penye kidonda kutumia jeli ya pakiti isiyo na vijidudu, ifunguliwe mara moja na kutupwa. Bila ulimi ule, chupa safi ingechafuliwa tena, na kwa upole ule ule.

Mwanakheri akapona. Ikafika arobaini. Katika nyumba ya wakwe zake, mtoto huvushwa kizingiti mara ya kwanza na mtu mmoja tu, na huyo huwa somo wake, kama mlezi wa pili, maisha yote. Watatu wale wakaalikwa, wakaja.

"Mpeni Tumsifu," Hidaya alisema. "Mimi nilikumbuka tu, dawa kaipata yeye."

"Dawa humponya aliyekwisha kuugua," Tumsifu akajibu. "Sikudhani kawakinga wasiougua bado."

Sikudhani akaficha mikono ndani ya khanga. "Mikono hii? Si ndiyo iliyomuumiza mama yake?"

Mwanakheri akaikumbuka mikono hiyo, na siku aliyoguswa na jeli yenye joto, jinsi alivyomwambia wakati ule kwa moyo mkunjufu, "Ahsante, dada, umenihurumia." Shukrani ile alikuwa hajaijutia.

"Haya, mwanangu, chagua," mkwewe Bi Mashavu alihimiza. "Mtoto anatoka jasho, na pilau inapoa!"

Basi, nyinyi mliotega masikio: aliyeanza, aliyetibu, au aliyekosa akakiri? Je, wewe ungeamua vipi?

Mkifikiri, fikirini mkijua kwamba wageni watatu wote wamekwisha kuketi. Aliyebaki amesimama kizingitini, mtoto mikononi, ni Mwanakheri.