Ziwa Lililokosa Jina

Hapo zamani, kabla kaa hawajarudi kijijini Kigurunje, palikuwa na ziwa dogo nyuma ya tuta la mchanga wa pwani. Ziwa kwa kusema tu, maana maji hayakuonekana. Gugu maji lilikuwa limelifunika lote, samaki wamekwisha, na mikoko ya kandokando imebaki vijiti. Waliostawi ni mbu.

Gugu hilo alilileta Bi Mwanamkasi. Alilitoa bara kwa dada yake, shina moja ndani ya ndoo, kwa sababu lina ua zuri la zambarau. Kila mtu alijua. Akipita njiani, watu humwambia, "Bi Mwanamkasi, bustani yako imestawi, mashallah!"

Siku moja akachoka kusifiwa. Akajifunga kanga, akaingia majini, akang'oa. Kesho yake akang'oa. Kesho kutwa akang'oa. Wanawake waliokuwa wakimcheka wakaona haya, wakajifunga nao, wakaingia. Hakuna aliyewatuma. Waking'oa mbele, gugu linaota nyuma.

Mzee Bwanakheri yeye alikaa ukingoni, kazi yake kuelekeza. "Hapo! Umeruka hapo! Wee, bado hapo!" Akapaza sauti mno, meno yake ya bandia yakamtoka, yakarukia maguguni, yakazama.

Mzee akaziba kinywa kwa kiganja. Akaita wanawe, akaita wakwe, akaita wajukuu, ukoo mzima.

"Ng'oeni! Fina kwa fina!"

"Shina kwa shina, baba?"

"Fi ndivyo ninavyofema!"

Wakang'oa upande wote unaopakana na tuta, ukabaki maji matupu. Meno yenyewe yalipatikana siku ile ile. Mzee mwenyewe aliyakanyaga pale ukingoni, akayatia mfukoni, akanyamaza. Ukoo ukaendelea kutafuta, naye akaendelea kuletewa uji wa tui.

Wa tatu ni Sudi, kijana mwenye nguvu na uvivu. Alijitolea kubeba magugu yaliyong'olewa, ayavushe tuta mpaka ufukweni. Akapanda tuta mara moja, akakaa chini, akafikiri. Kisha akachukua jembe, akachimba mfereji katikati ya tuta, ili magugu yaelee yenyewe baharini naye alale.

Akalala kweli. Bahari ikajaa. Magugu hayakutoka, maji ya chumvi ndiyo yaliyoingia. Yakajaa ziwani, yakafika hadi jaruba la mpunga la Bi Mwanamkasi, mpunga wenyewe ukikaribia kuvunwa. Ukaungua wote. Mama wa watu akasimama akautazama, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Lakini gugu nalo likageuka manjano, likaoza, halikuota tena. Bi Mwanamkasi akapanda mikoko michanga palepale penye jaruba lake. Kaa wakarudi, kamba wakarudi, na samaki.

Wanakijiji wakakutana: ziwa lipewe jina la aliyeliokoa.

Sudi akasimama wa kwanza. "Ninyi mlikuwa mnalinyoa gugu. Mimi ndiye niliyeliua."

"Ukiwa usingizini!" akasema Bi Mwanamkasi.

"Ningekuwa macho, mama, ningeuziba mfereji, na gugu lingekuwepo hadi leo."

Mzee Bwanakheri akakohoa, meno yake yamekaa sawasawa. "Hiyo chumvi ingepita wapi kama upande wangu haukuwa wazi? Ninyi mlileta mikono miwili miwili. Mimi nilileta ukoo."

Mkamwana wake akadakia, "Na meno, baba? Tulitafuta nini, wakati yako mfukoni?"

"Ningeyatoa, mngebaki majini?"

Bi Mwanamkasi akasema, "Mimi niliingia peke yangu, ninyi mkicheka. Mpunga uliokufa ni wangu. Mikoko ni yangu."

"Na gugu pia ni lako!" mtu akapiga kelele.

"Langu! Haya, nani mwingine hapa amewahi kusafisha alichochafua?"

Wakabishana mpaka koo zikakauka, wakatawanyika bila jina. Hata leo mchuuzi akiuliza kamba hawa ni wa ziwa gani, atatajiwa majina matatu, na ugomvi juu yake.

Haya, ninyi mnaocheka hapo, nitoeni mashakani. Aliyelileta gugu akaingia kuling'oa, aliyeudanganya ukoo wake ukafanya kazi, na aliyelala bahari ikamfanyia yake: je, ziwa liitwe la nani?