Ukuta wa Mwalimu Saumu

"Ukiegemea ukuta, mjue aliyeujenga." Leo mmemsikia mzee mmoja akimkaripia karani kwa maneno hayo pale kituo cha maziwa, na ninyi mkacheka mkidhani anazungumzia matofali. Lusajo mwanangu, na wewe Anyisile rafiki yake, kaeni chini. Methali hii haikuanza enzi za mababu. Ilianza mbele ya macho yangu, na hasira yangu haijapoa hadi leo.

Nilikuwa karani wa kupokea maziwa katika chama chetu cha ushirika, huku Rungwe. Wafugaji mia tatu walikamua alfajiri, wakabeba ndoo hadi vituo vya barabarani, na gari likapita kuyachukua. Kwa kuwa barabara zetu hazitabiriki mvua ikinyesha, chama kilikuwa na programu ya kompyuta iliyompelekea kila mfugaji ujumbe kwenye simu: leo gari litapita saa fulani.

Programu hiyo aliitengeneza Gwakisa, fundi wetu wa kompyuta, mtu mwenye akili nyingi na subira kidogo. Hakuiandika yote, wala hakuna fundi anayefanya hivyo. Alichukua kiunzi huria, ambacho ni kama nyumba iliyokwisha kusimamishwa nguzo na paa, ruhusa kwa yeyote kuitumia bure. Juu yake akapachika vipande vilivyoandikwa na watu wengine. Kimoja kilikuwa kidogo kabisa. Kazi yake ilikuwa kusoma saa ya kompyuta na kuitoa kwa hesabu yetu ya Kiswahili: kompyuta ikisema saba asubuhi, kipande kinatoa saa moja.

Aliyekiandika kipande hicho ni Mwalimu Saumu, anayefundisha hesabu sekondari moja ya Pangani. Halipwi hata senti. Alikuwa akikitunza baada ya kusahihisha madaftari.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa nne, ujumbe ukaja: gari litapita saa 7. Barabara ilikuwa na matope wiki nzima, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Hata mimi niliusoma, nikasema afadhali, nikaendelea kufua. Dereva akapita saa moja asubuhi kama kawaida yake, akakuta vituo vitupu, akadhani wafugaji wamegoma, akaondoka. Wafugaji wakafika saa saba mchana. Wakasubiri hadi saa tisa. Lita elfu mbili zilichacha siku hiyo, na mfereji wa barabarani ukawa mweupe kama umepakwa chokaa.

Kesho yake mkutano ukaitwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Ambakisye, alikwisha kupata mwenye kosa kabla hatujakaa.

"Kuna mwanamke huko Pangani ametuharibia kwa makusudi," alisema. "Gwakisa ameona. Mwanamke huyo amebadilisha kipande chake bila kutuuliza. Nimeandika barua kwa mkuu wa shule yake, na nakala kwa polisi; hii hapa mezani, inaondoka leo. Mtu wa namna hiyo hafai kukaa na watoto."

Ukumbi ukapiga makofi. Watu ambao hawakujua hata Pangani iko upande gani walipiga makofi! Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Bi Tusekile, mjane mwenye ng'ombe wawili. Alikuja na ndoo yake ya maziwa yaliyochacha, akaiweka juu ya meza ya mwenyekiti, ikanuka.

Nikasimama. "Mwenyekiti, huyo mwanamke umezungumza naye?"

"Mama Lusajo, nizungumze na mhalifu?"

"Namba yake ipo?"

Gwakisa akainamisha kichwa. "Ipo. Imeandikwa palepale kwenye kipande."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, simu nikailaza mezani kando ya ndoo. Nikajitambulisha, nikamweleza yaliyotupata. Kisha akauliza, "Maziwa yote?"

"Yote, mwalimu."

"Poleni sana. Poleni jamani." Akashusha pumzi. "Lakini mimi niliandika tangazo, palepale kwenye kipande. Siku arobaini kabla ya kubadilisha. Wengi waliomba saa za kompyuta zibaki zilivyo, saba iandikwe saba, nikatoa toleo la pili. Anayetaka za Kiswahili abaki na la kwanza, lipo, sikulifuta. Namba ya mbele ya toleo ikibadilika, kila fundi anajua maana yake: simama, usome kwanza. Ninyi hamkusoma?"

Wote tukamgeukia Gwakisa. Jasho lilimtoka na baridi yote ile.

"Niliagiza programu ichukue toleo jipya lolote linapotoka," alisema. "Yenyewe. Ili nisihangaike."

"Ili usihangaike!" nikamwambia. "Tumehangaika sisi."

Mwenyekiti akadakia, "Hata hivyo, alipaswa kutupa taarifa!"

"Kuwapa akina nani, baba?" sauti ya mwalimu ikauliza, bila ukali. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia kuwa mpo. Mmekitumia miaka mingapi?"

"Minne," Gwakisa akajibu.

"Miaka minne. Hamjawahi hata kunisalimu. Mngeniambia mnasafirisha maziwa kwa kipande changu, ningewapigia mimi mwenyewe."

Hapo Bi Tusekile akainuka. Nilidhani atamwaga ile ndoo, na kwa kweli nilitamani. Badala yake aliichukua barua ya mwenyekiti, akaitumbukiza ndani ya maziwa, taratibu, mpaka wino ukatoka.

"Mimi banda langu la ng'ombe lilijengwa na Mwasomola," alisema. "Likipata ufa, najua pa kwenda. Ninyi mnaegemea ukuta miaka minne, hamjui ni wa nani, hamjawahi kumpa hata shikamoo mwenyewe. Leo ukuta umewaangusha, mnamwitia polisi! Ukiegemea ukuta, mjue aliyeujenga."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mwenyekiti aliomba radhi kwenye simu ileile, sote tukisikia, na nilihakikisha hanong'oni.

Gwakisa alirudisha toleo la kwanza, akalifunga lisibadilike bila yeye kusoma. Kisha nikamkalisha aandike orodha ya vipande vyote: jina, toleo, aliyekitengeneza. Vilikuwa sitini na vitatu. Saba vilikuwa na watunzaji waliokwisha kuacha kazi hiyo. Kimoja hatukumpata mwenyewe kabisa, tukakitoa. Orodha hiyo ndiyo mliyoiona imebandikwa ukutani kituoni, na karani amekaripiwa leo kwa kuongeza kipande kwenye programu bila kukiandika humo.

Lusajo, unacheka. Huo mradi wako wa chuo una vipande vingapi? Hujui. Nilijua hujui. Lete kompyuta hapa mezani, na wewe Anyisile lete kalamu. Tunaanza na cha kwanza: kinaitwaje, toleo la ngapi, na nani anakitunza. Ukiegemea ukuta, mjue aliyeujenga.