Moma Aliyekatwa Vipande Viwili

Zamani sana katika nchi ya Misri, alama zote za maandishi zilichongwa zikiwa nzima. Simba alikuwa na kichwa chake na mkia wake, nge alikuwa na mwiba wake, na nyoka aitwaye moma, mwenye pembe, alilala juu ya jiwe bila jeraha lolote mwilini. Hakuna mchongaji aliyewaza kufanya vinginevyo, hata ndani ya makaburi.

Siku hizo alikuwepo mchongaji aliyeitwa Sebeki, mwana wa Wenefu na Henuti, mkuu wa nyumba ya maandishi upande wa magharibi wa Mto Naili. Sifa yake kubwa ilikuwa makapu. Alama zilikuwa mamia na wanafunzi walizichanganya, kwa hiyo Sebeki alizichora moja moja juu ya vigae, akavigawa: kapu la watu, kapu la wanyama, kapu la ndege, kapu la vyombo vya nyumbani. Zile alama chache zilizoandika sauti tupu ya kinywa alizitia katika kapu la peke yake, bila kujali maumbo yake. Humo moma alilala ubavuni mwa kinda la tombo, kwa kuwa kila mmoja wao aliandika sauti moja.

"Humu hamna mnyama," Sebeki alizoea kuwaambia wanafunzi. "Humu mna sauti tu."

Baba yake alipofariki, Sebeki alilichonga jina la Wenefu kwa mkono wake katika chumba cha kaburi, mwambani, juu ya mistari mingine ya maandishi: kinda la tombo, kisha maji, kisha moma, kisha kinda la pili. Watu wa nchi ile waliamini kwamba marehemu huendelea kuishi maadamu jina lake linasomeka. Kwa hiyo kila mwaka mwana wa kwanza aliondoa jiwe la mlango, akaingia na taa na kulisoma jina kwa sauti. Mwaka wa kwanza Sebeki alikwenda. Mwaka wa pili alikuwa na hekalu la kumalizia. Baada ya hapo hakukosa kazi, na miaka ya kutokwenda ikafika tisa.

Ndipo Henuti, mama yake, alipougua ugonjwa wa kufa. Akamwita mwanawe.

"Nenda kaniangalizie kama baba yako yupo," akasema. "Nisije nikafika huko nikakosa mwenyeji."

Sebeki akatabasamu. "Mama, nimemchonga kwenye jiwe. Ataenda wapi?"

Hata hivyo alikwenda, pamoja na Merti, dada yake, aliyebeba taa. Mlangoni utando wa buibui ulikuwa mnene kama pazia.

"Kaka," alisema Merti, "hata buibui hapa wamekusahau sura."

Sebeki aliondoa jiwe, akaingia, akaipokea taa na kuinua mwanga ukutani.

Kinda la kwanza halikuwepo. Mahali pake jiwe lilikuwa laini, kama lile ambalo halijaguswa na tindo tangu dunia iumbwe. Nyuma ya mahali hapo, ng'ambo ya maji, alilala moma, na tumbo lake, ambalo Sebeki alilichonga jembamba kama kamba, lilikuwa limevimba. Kinda la pili nalo halikuwa mahali pake. Alilitafuta ukuta mzima, akalikuta mstari wa chini kabisa, limejibanza ndani ya alama ya nyumba, shingo imezama mabawani.

"Soma basi," Merti akasema.

"Siwezi."

"Wewe, mkuu wa nyumba ya maandishi?"

"Hakuna cha kusoma, dada. Njoo utazame."

Merti alitazama, akashika mdomo. "Baba yuko wapi?" akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya utani.

Hapo Sebeki akaelewa. Viumbe wote ukutani hutazama mwanzo wa mstari, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisimamisha kinda mbele, limempa moma mgongo. Miaka tisa gizani hakuna kinywa kilichomfanya moma kuwa sauti. Kwa kutosomwa, alikumbuka kwamba yeye ni nyoka.

"Chonga kinda jingine," Merti alinong'ona.

"Atalila na hilo."

Akatoa tindo, akaiweka katikati ya moma na kupiga nyundo mara moja. Ukuta ukatoa mlio kama wa maji yanayomwagika juu ya kaa la moto. Mwili wa moma ukaachana vipande viwili, na katika ufa ule kinda likatoka, likarudi mahali pake hatua kwa hatua, likageukia mwanzo wa mstari. La pili likachungulia nje ya nyumba, likapanda likamfuata mwenzake. Merti alipiga yowe. Sebeki akafungua kinywa, akasoma: "Wenefu." Akarudia mpaka sauti ikamkauka.

Nyumbani Henuti alikuwa macho. "Yupo?"

"Yupo, mama. Lakini nusura asiwepo."

"Kwa nini?"

"Sikuwa nakwenda."

Mama alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Basi langu," akasema mwishowe, "atalisoma Merti."

Wala hakulibadili neno hilo hadi alipokata roho.

Sebeki alirudi kwenye makapu yake. Alikitoa kigae cha moma katika kapu la sauti, akakivunja. Nusu akairudisha humo humo, na nusu akaitia katika kapu la wanyama.

Kuanzia hapo, wachongaji wa Misri walimwacha moma mzima katika kuta za mahekalu, ambako watu hupita na kusoma kila siku. Lakini katika vyumba vya makaburi, ambamo msomaji huenda asirudi, walimkata. Ndiyo maana hata leo anayeingia na taa katika chumba cha namna hiyo humkuta moma ana pengo la upana wa kidole katikati ya mwili, na mbele yake kinda la tombo limesimama salama, limempa mgongo.