Sikio la Mgeni Rasmi

SHAURI NA. 4: KUONDOLEWA KWA MABAKI YA GUNDI YENYE UMBO LA MGENI RASMI KATIKA UBAVU WA BOTI YA WAGONJWA, PAMOJA NA MAMBO YANAYOHUSIANA NA HAYO

Hapo zamani, enzi za fomu za nakala tatu, kisiwa cha Bwengi kilipewa boti ya wagonjwa. Boti ya faiba, nyeupe, ingali inanuka upya. Mgeni rasmi akaja kuizindua, na picha ya uso wake, pana kama mlango, ikabandikwa ubavuni ili boti isisahau nani kaizindua. Akakata utepe, akala samaki, akaondoka. Mwezi uliofuata akahamishwa.

Picha ya mtu aliyehamishwa haikai kwenye chombo cha serikali. Waraka upo. Basi wakaibandua. Karatasi ikatoka, gundi ikabaki. Gundi ikashika vumbi, na baada ya wiki mbili mgeni rasmi akarudi ubavuni, rangi ya kahawia, kichwa na mabega na masikio yote mawili.

Mkaguzi wa vyombo akaja, akatazama, akaandika: "Abiria mmoja, nje ya boti, hana jaketi la kujiokolea. Aondolewe kabla ya Alhamisi. Vinginevyo boti irudishwe wilayani."

Aliyeshika kichwa ni Sista Nyangeta wa zahanati, ambaye ndiye pia mwenye cheti cha kuendesha boti hiyo. Alikuwa na Eudia, mjamzito wa mapacha, na pacha wa kwanza amelala mkingamo tumboni. Huyo hazaliwi zahanati. Anataka chumba cha upasuaji, na chumba kiko ng'ambo ya ziwa.

"Ndugu zangu," akasema Sista, "gundi mimi siijui. Ninachojua, Eudia hafiki Jumamosi."

Akaja Bwana Rwegasira, ofisa ugavi, na kopo la thina, ile ya kuzimulia rangi. Akalowesha tambara, akalibandika kwenye sikio la kushoto, akaliacha hapo akaenda kujaza fomu ya kuomba kutumia thina. Aliporudi, ombi limekubaliwa, na yeye ndiye aliyelikubali. Gundi ilikuwa imetoka. Mng'ao wa boti nao ulikuwa umetoka. Ile ngozi ya juu ya faiba, ambayo mafundi huiita jelikoti, ililainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, na ilipokauka pakabaki sikio butu, limechorwa ndani kwa ndani.

Akaja Mafuru, fundi wa faiba. "Bwana mkubwa, umeisafisha au umeichuna?"

"Nimefuata utaratibu."

"Utaratibu wa nani? Thina hailazwi hapo kama mgonjwa!"

Mafuru akavaa glavu, akainama chini ya tezi, nyuma ya boti, pasipoonekana, akagusisha spiriti eneo la ukubwa wa kifungo. Akafuta, akaosha kwa maji, akasubiri, akatazama. Ngozi haikudhurika. Ndipo akapanda ubavuni: tambara bichi lisilodondosha, eneo la kiganja kimoja kwa wakati, futa, osha, songa. Lakini gundi ilikuwa nene. Ikavutika, ikatapakaa. Kufika adhuhuri mgeni rasmi alikuwa amenenepa.

Akaja Mama Bhoke, muuza chakula wa pale gatini. "Nyie wanaume mmeanzia mwisho. Sufuria likigandia, unaanza na dawa au na maji ya moto?" Akaingia kwenye banda la boti na jiko lake linawaka.

"Mama, simama hapo hapo!" Huyo ni Bwire, mlinzi wa banda. "Jiko hatua arobaini."

"Arobaini? Maji si yatapoa?"

"Yapoe. Mvuke wa thina unalifuata jiko mpaka unalipata, halafu hapa hatukuti hata mlango."

Bwire akafungua milango yote miwili. Akamtoa ofisa sigara mdomoni kabla hajaiwasha. Akamtoa na ofisa mwenyewe, maana mvuke ulishampanda kichwani, ameanza kuuchekea mhuri. Matambara akayatandaza nje juu ya mawe, moja moja, yakauke. Boti hakuigusa.

Mama Bhoke akaja na maji ya vuguvugu na sabuni, akakanda gundi kwa kitambaa. Akapaka mafuta ya kupikia, akaacha yaingie, akasukuma kwa mwiko wa plastiki. Gundi ikajiviringa, ikaanguka. Kidevu kikaenda. Miwani ikaenda. Mafuru akamalizia kwa spiriti kuondoa mafuta, na maji juu yake.

Alhamisi asubuhi mkaguzi akapapasa, akanusa, akalitazama sikio. Akafungua kitabu. "Waraka unakataza sura. Sikio peke yake si sura." Akagonga mhuri.

Kikabaki kifungu cha saba cha fomu ya kuruhusu chombo: *Chombo kipewe jina la mtu mmoja aliyechangia zaidi. Hakitaondoka kabla ya kifungu hiki kujazwa.* Eudia alikuwa tayari amelala ndani ya boti, meno yameuma kanga. Kikao kikaketi.

Mafuru akasema: "Bila mimi yangekuwa masikio boti nzima. Jina ni langu."

Mama Bhoke akasema: "Wewe ulimnenepesha, mimi ndiye niliyemwondoa. Jina ni langu."

Bwire akasema: "Bila mimi msingekuwa na boti, wala mwiko, wala kope. Kazi yangu ni moto msiouona. Jina ni langu."

Rwegasira akasema: "Kazi hii ina sahihi ya nani? Halafu tazameni ubavuni, ni kazi ya nani isiyofutika? Jina ni langu."

"Jamani," akaita Sista kutoka botini, "uchungu umeanza!"

"Sista, subiri kidogo," akasema mwenyekiti wa kikao. "Tuko kwenye kifungu cha saba."

Haya, ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza. Mmoja alijua dawa, mmoja alijua uvumilivu, mmoja alizuia janga lisitokee, mmoja alitia sahihi. Nafasi kwenye fomu ni moja. Je, nani alistahili?

Kikao hakijafungwa. Sista Nyangeta alifungua kamba mwenyewe saa nne asubuhi, Eudia alipasuliwa saa saba, na mapacha wote ni wazima. Kifungu cha saba kiko wazi mpaka leo, na kisiwani boti inaitwa Sikio.