Birika la Pili la Bi Mize

Kaa vizuri, na mdomo wa kubisha uutie mfukoni kwanza, maana kisa hiki wengi wamekisimulia na wote wamekiharibu, na leo kinapita kwa mwenyewe.

Palikuwa na mji uitwao Zahurani, na mtawala wake ni Sultani Ghalibu bin Mutwii, mwenye enzi na haiba na ndevu zilizochanwa kwa marashi, na mji huo umejengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya mwamba wa matumbawe, na jua lake kali hata kuku walivuka njia kwa kurukaruka, na visima vyake vikitoa maji ya chokaa, ukiyachemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe kama ganda la yai. Na anayesema kuna mji wenye joto kuliko Zahurani ni mwongo, mwache aende zake.

Katika bustani ya Sultani alikuwamo kijana aitwaye Shaame, na huyu chuoni alitoroka kabla hajamaliza juzuu ya pili, lakini mkono wake ulikuwa na baraka na ulimi wake haukuwa na breki. Akipita sokoni husema, "Nipeni mpini wa jembe niupande, kesho mje mchume matunda!" Na watu wakimcheka, na kesho yake wakimwendea kuomba miche.

Nyumbani aliishi na mama yake, Bi Mize, na macho ya Bi Mize yalikuwa yakifunga. Utando ulianza pembeni, ukaja katikati, hata uso wa mwanawe akawa anauona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Tabibu alimtazama akatikisa kichwa, akasema, "Mwaka huu hautaisha, Bi Mize, pazia litafungwa lote." Na Shaame akaapa mbele ya tabibu na mbele ya majirani, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, kwamba yeye ndiye atakayelifungua.

Basi siku moja wakaja wajumbe kutoka visiwa vya mvua, na katika zawadi zao mlikuwa na mmea wa ajabu, kila jani lake limetoa ncha ndefu kama uzi, na mwisho wa uzi linaning'inia birika dogo lenye mdomo na kifuniko chake, na ndani yake maji. Sultani akafurahi mno. Watunza bustani wakubwa wakaupanda katika udongo mweusi wenye samadi, wakaunywesha maji ya kisima asubuhi na jioni, na kabla ya Ijumaa ya tatu mabirika yakakauka karibu yote. Sultani akasema, "Utupeni." Shaame akauokota jalalani akaenda nao kwao.

"We Shaame, umeniletea takataka gani tena?"

"Si takataka mama, ni zawadi ya wafalme."

"Ya wafalme, na inanuka samaki?"

Akaugonga mmea kutoa uchafu, mara tatu, juu ya birika moja lililosalia na ubichi kidogo. Kifuniko kikainuka, na akatoka jini mwenye kimo cha kidole gumba, kilemba kichwani na midomo imepasuka kwa kiu. Na Shaame, aliyekuwa akijigamba kwamba simba kwake ni paka, alipanda juu ya ukuta kwanza, kisha ndipo akauliza kwa adabu, "Nani mwenzangu?"

"Ewe mwana wa Adamu, mwenye ulimi mrefu na miguu myepesi ya kukimbia," akasema jini, "mimi ni Karkashi, na miaka mia tisa iliyopita nilijigamba mbele ya hakimu wa visiwa vya mvua kwamba hakuna chombo kinachoweza kunienea, naye akanifunga ndani ya jani. Mmea huu ukiishi, mimi mtumwa wake. Ukifa, mimi huru. Na birika lake lililojaa kabla kifuniko hakijafunguka, maji yake huondoa utando wa jicho, birika moja kwa mtu mmoja."

Shaame akateremka ukutani upesi kuliko alivyopanda. "Mama! Umesikia?"

Bi Mize alikuwa amekwisha kusikia. Akapapasa mpaka akalifikia lile jani, akamwambia jini, "Pole baba. Miaka yote hiyo kwenye birika, mgongo hauumi?"

Na Karkashi, ambaye katika miaka mia tisa alikuwa ameamrishwa na wengi na hakupewa pole na hata mmoja, akatoa siri ambayo kama angeificha angekuwa huru mwezi uleule. Akasema, "Usinipe samadi, itaniunguza. Nipande katika makumbi ya nazi na mchanga uliooshwa na mkaa, penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na kunizunguka uweke magunia yaliyoloa, joto lako lisinikaushe. Chakula nitajitafutia, sisimizi na nzi wenyewe watakuja. Na maji yawe ya mbinguni, yasiyopita kwenye jiwe wala chokaa. Chokaa ni kifo changu."

Shaame akafanya yote. Mkono ulimwasha kutia samadi, maana mtunza bustani wa Zahurani akiona mmea mwembamba ni sawa na wewe kuona mgeni amelala na njaa, lakini alijizuia. Paa la nyumba yao lilikuwa la makuti, na mvua iliyotoka humo iliingia hodhi la mbao, na maji yalikuwa safi. Mmea ukapona ukatoa jani, na jani likatoa uzi, na uzi ukavimba birika. Kila asubuhi Bi Mize alilipapasa na kulisalimia, "Umeamkaje, baba?" na jini akajibu kutoka ndani, "Salama, mama yangu."

Birika lilipojaa, na kifuniko bado kimebana, ndiyo siku mbiu ya mgambo ilipolia: binti Sultani, Siti Zuwena, naye ameingiwa na utando machoni, na atakayemponya ataozwa yeye na kupewa uwaziri.

Shaame akarudi nyumbani, akalizunguka birika mara mbili, akakaa, akainuka tena.

"Sema, mwanangu," akasema Bi Mize. "Nimesikia mbiu. Macho ndiyo mabovu, masikio mazima."

"La pili limeshaanza kuota, mama. Likijaa ni lako. Miezi miwili tu!"

"Nenda," akasema. "Mimi ukungu nimeuzoea. Yule msichana bado ana mengi ya kuona."

Shaame alitaka akatazwe kidogo, ili ashawishike kubaki. Hakukatazwa. Akaenda.

Siti Zuwena akatiwa matone, akafumbua, na uso wa kwanza kuuona ukawa wa Shaame, na Sultani akalia mbele za watu akasema, "Ewe kijana, umenirudishia nuru ya kasri yangu, na kuanzia leo wewe ni mwanangu." Harusi ikapangwa baada ya siku arubaini.

Na hapa ndipo kijana wetu alipopotea, na wewe unayetikisa kichwa usitikise, ungepotea hivyohivyo. Desturi ya Zahurani ni kwamba nyumba ya bwana harusi hupakwa chokaa ing'are, na atakayeng'arisha zaidi ndiye mwanamume. Shaame akaangusha makuti, akajengewa paa la sakafu, bapa la mawe, kwa amri ya Sultani, akawaambia mafundi, "Pakeni kuta, pakeni na paa, pakeni mara tatu! Nataka anayepita afumbe macho!" Na yeye mwenyewe akashinda kasrini akipimwa joho na kufundishwa kutembea kama waziri. Umwagiliaji akamwachia mama yake. Na jini, Shaame hakumgongea birika lake hata siku moja.

Mvua ya vuli ikanyesha kabla chokaa haijakauka, ikaosha paa, ikateremka hodhini. Maji yakawa meupe kama tui. Mwenye macho angeyaona akiwa mlangoni. Bi Mize aliyachota kwa kata, akayamimina taratibu asimwage hata tone, na akasalimia, "Umeamkaje, baba?" Na sauti ya ndani ikawa inafifia kila asubuhi, ikijibu, "Salama, mama yangu," kwa sababu jini alijua ni mkono wa nani unaomnywesha sumu, na moyo haukumpa kumwambia.

Shaame alifika siku moja kabla ya harusi, akiwa na joho lake, kuja kujionyesha. Akaona majani yamekuwa ya kahawia, na birika la pili limesinyaa kabla ya kujaa. Akatia mkono hodhini, ukatoka mweupe. Akagonga mara tatu, akagonga tena.

Karkashi akatoka, safari hii mrefu hata akapita paa. "Mmea umekufa, nami ni huru," akasema. "Miaka mia tisa nimeingoja siku hii, ewe Shaame, na leo imefika haina utamu. Usimwambie alikuwa yeye." Akapaa akatoweka.

Mle ndani Bi Mize akauliza, "Ni wewe? Njoo nikuguse." Akapapasa joho, uzi kwa uzi, mpaka kwenye kola. Pazia lake lilikuwa limefungwa lote. "Ule mmea naona umelegea, mwanangu. Labda mie nimeupunja maji."

"Hukuupunja, mama."

"Haya. Na nyumba, imekuwa nyeupe kweli, kama walivyosema?"

Na Shaame, kijana ambaye angeotesha mpini wa jembe, akaufuta mkono wake mweupe kwenye joho. "Nyeupe, mama," akasema.

Akaoa, akawa waziri, akapata watoto na mali na heshima. Na alipomsimulia Siti Zuwena, mkewe alimwambia neno moja tu: "Ungeniambia, ningengoja." Na nyumba ya waziri ndiyo pekee katika Zahurani ambayo haikupakwa chokaa tena, kuta zikawa nyeusi kwa kuvu, na wapita njia wakamcheka kwa ubahili. Kila asubuhi alitoka uani, akamshika mama yake mkono, akamweleza anga lina rangi gani leo, na alieleza vizuri, maana ulimi haukumtupa.

Basi wewe uliyenisikiliza, kama yupo anayekungoja nyumbani, anza na huyo. Sherehe utaikuta palepale. Kisa kimeisha, na kama kuna anayejua kukisimulia kuliko hivi, asimame tumwone.